Kichwa cha Esta na Mnyoosha Shingo

Kwa Asukile Seremala,
Sokomatola,
Mbeya.
Jumapili, 14 Julai 1957.

Mpendwa mdogo wangu Damari,

Ugonile? Habari za Mlandege, huko Iringa, na habari za hicho kifua chako? Natumaini barua hii itakukuta umeshaacha kukohoa, na shemeji yangu Kalinga naye mzima. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande, na mlima Loleza siku nyingine hatuuoni mpaka saa nne. Mguu wangu wa kulia unanisumbua nikikaa mbali na moto, lakini kanisani nakwenda kwa fimbo na kurudi kwa fimbo. Kubebwa sitaki.

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikampa na Asukile akaisoma. Umeniambia kwamba wifi yako Evarista hapati usingizi kwa ajili ya binti yake Esta, na kwamba anataka mkamwana wangu huyo arudishwe Iringa akatibiwe kichwa kwao, na pengine asirudi tena Mbeya. Umeniomba nikujibu ndiyo au hapana. Jibu nitakupa, lakini si kwa mstari mmoja. Vuta kigoda ukae.

Kwanza nikuambie jambo ambalo limekaa rohoni mwangu. Nilikushuku wewe. Ndiyo, wewe Damari. Ulipotutafutia huyu binti upande wa mume wako, ulimsifu kwa kila kitu, kupika, kulima, kusali, hata kushona vitambaa. Habari ya kichwa hukuitaja. Kwa hiyo nilijiuliza, je, ukoo huu una maradhi ya kichwa na dada yangu wa tumbo moja amenificha? Nilikuandikia maneno makali nikayachana. Afadhali niliyachana.

Unajua nilivyofika hapa. Mama Asukile ametutoka, nyumba yangu kule Rungwe ikaanguka na mvua za masika, Asukile akaja kunichukua nikae kwake. Ana vyumba viwili na jiko uani, basi. Nilikataa sana. Baba mkwe na mkamwana ua mmoja! Kwetu tangu enzi za babu zetu vijana wakishakua wanajenga kijiji chao mbali na cha baba zao, na sababu mojawapo ni hiyo, mkamwana asikutane na baba mkwe. Asimtazame, asilitaje jina lake, asipite alipo. Ukristo tumeupokea, maji ya ubatizo tumemwagiwa, lakini ukwe tulibaki nao. Asukile akasema, baba, mjini watu wanabanana, tutazoea. Haya bwana, nikaja.

Na Esta, ingawa ni Mhehe, aliushika ukwe wetu kuliko wasichana wetu wenyewe. Najua ni wewe uliyemfundisha. Ulimwambia akiniona ageuze uso, basi akageuza, hakuurudisha. Tangu Pasaka mpaka juzijuzi, Damari, mkamwana wangu nilimjua kwa kanga na visigino tu. Chakula analeta Asukile, au kinawekwa mlangoni na mtu anakohoa kidogo. Nikitaka maji nazungumza na ukuta. Nasema, ewe ukuta, nina kiu. Ukuta haujibu, ila maji yanakuja.

Sasa hiki kichwa kilianza baridi ilipoanza. Asukile aliponiambia, nikasema ni baridi hiyo. Kikaendelea, nikasema ni moshi. Kikaendelea tena, nikaanza kuchunguza mambo kwa masikio yangu. Asubuhi namsikia Esta anafagia huku anaimba nyimbo za kwao. Ikifika adhuhuri, kimya. Jioni anakwenda kulala, na mwanangu, mwanamume mwenye randa na msumeno wake, anasonga ugali. Nikasema, mmh! Maradhi gani haya yanayojua saa? Huyu amenichoka. Anatafuta njia ya kumfanya Asukile aniambie nirudi Rungwe. Niliamini hivyo kabisa. Nikawa naacha ugali kwenye sahani makusudi ili wajue kwamba nimeelewa. Wakadhani tumbo linanisumbua, wakanipikia uji.

Walimpeleka hospitali. Dresa akampa vidonge vya malaria. Homa yenyewe hana, lakini vidonge akameza. Aliporudi mara ya pili akapewa aspirini. Aspirini inatuliza kidogo, kisha kichwa kinarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Jirani yetu Benedicta akasema Esta ana kipandauso, kwa kuwa yeye mwenyewe anacho. Cha Benedicta nakijua, maana kikimshika ua mzima tunajua. Upande mmoja wa kichwa unapiga kama ngoma, mwanga hataki, harufu ya kitunguu hataki, anatapika, anafungiwa gizani mpaka kimpite. Lakini Esta hatapiki, na jua halimsumbui. Mama mwingine wa kanisani akasema ni mafua yaliyoganda ndani ya pua, wakamfukiza majani ya mkaratusi mpaka tukakohoa sote, na kuku pia. Wapi! Kichwa kilibaki pale pale.

Ndipo akaingia Philbert. Huyu ni Mbena, mtu wa makamo, anavaa viatu vyeupe katika matope haya ya Mbeya, na kwa viatu hivyo tu nilimshuku. Alikwenda Johannesburg kuchimba dhahabu, mgongo ukamharibikia huko, akapelekwa kwa Mzungu mmoja anayetibu kwa mikono mitupu, bila sindano wala kisu. Ati anainyoosha mifupa ya uti wa mgongo na ya shingo mpaka ikae mahali pake. Philbert akapona, akaomba kazi kwa Mzungu huyo, akamsaidia miaka mingi na kuiba ujuzi wake kwa macho. Hayo yote ni maneno yake mwenyewe. Johannesburg ni mbali, nani atakwenda kuuliza? Aliporudi alikaa Chunya akiwanyoosha migongo wachimbaji, na mwaka huu amehamia kwetu.

Asukile ndiye aliyemtengenezea benchi la kazi yake, refu, lenye tundu upande mmoja. Mtu analala kifudifudi, uso unaingia kwenye tundu apate kupumua. Nilipoliona nikamwambia Asukile, mwanangu, hili ni benchi la kuchinjia. Akacheka sana. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Jioni moja Philbert akaja kunisalimu, akakaa, akaanza kunihesabia vichwa. Ati kuna kichwa cha homa kinachokuja na kutetemeka. Kuna kipandauso kama cha Benedicta. Kuna cha mafua, kinauma kwenye paji la uso ukiinama. Kuna cha macho, cha mtu anayesoma karibu na kibatari. Kuna cha mtu aliyezoea kahawa akaikosa, na hapo alinitazama mimi. Halafu kuna kichwa ambacho hakianzii kichwani. Kinaanzia shingoni, kinashika kisogo, kinapanda polepole mpaka juu ya jicho, na kadiri siku inavyokwenda kinazidi. Nikamwambia, "Kijana, Mungu alimpa kila mtu kichwa kimoja." Akasema, "Ni kweli mzee, ila njia za kukiumiza alituachia nyingi."

Akaongeza kwamba viko vichwa ambavyo yeye hagusi. Kile kinachompiga mtu ghafla kama rungu, kile kinachokuja na homa kali na shingo kukakamaa, na kile kinachomfanya mtu aone vitu viwili viwili au mkono umlegee. Hivyo, alisema, ni vya hospitali, tena mbio. Asukile akanitazama kana kwamba anasema, unaona, baba, mtu mkweli. Mimi nikasema moyoni, huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani. Mwongo wa kawaida hujidai kutibu kila kitu.

Nilimkatalia Asukile waziwazi. Nilimwambia nimekwisha kuona jogoo anavyonyongwa, sihitaji kuonyeshwa kwa mtu. Esta ni dhamana ya watu wa Iringa. Akivunjwa shingo nyumbani kwangu, nitasimama wapi mbele ya Evarista? Mbele ya Kalinga? Mbele yako? Asukile akanijibu kwa heshima. Alisema, "Baba, mke wangu hali, halali, na mimi sijui la kufanya tena. Tujaribu hiki. Kikishindikana, Jumatatu nampandisha basi la Iringa, na sijui kama kwao watamrudisha." Nusu ya moyo wangu ilisema, basi aende zake nipumue. Nusu nyingine iliona aibu, nami nikamwacha afanye atakavyo.

Alhamisi jioni Philbert akaja. Wakamlaza Esta kwenye lile benchi chumbani mwao, Asukile yumo, Benedicta yumo. Mimi kwa kuwa siwezi kuwa mahali alipo, nilikaa uani chini ya dirisha lao na fimbo yangu mapajani. Nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma. Philbert anauliza, hapa je? Na hapa? Esta anaitika kwa sauti ndogo. Wakaleta kitambaa cha maji ya moto, akamkanda, akamkanda, muda ukapita. Nikaanza kufikiri labda hakuna ubaya.

Mara nikasikia mlio, ka! Kama ukuni mkavu unaovunjwa kwenye goti. Na Esta akapiga yowe.

Damari, mguu mbovu sikuukumbuka. Fimbo sijui niliitupa wapi. Nilisukuma mlango nikaingia nikipiga kelele, "Umeua! Umeua mtoto wa watu!" Nikamkamata Philbert ukosi wa shati kwa mikono miwili. Ee Kyala, Mungu wangu! Kumbe Esta ameketi juu ya benchi, mzima, mkono uko kisogoni, kanga imemwanguka mabegani, mdomo wazi, ananitazama. Nami namtazama. Ana mwanya, Damari. Ana kovu dogo juu ya jicho. Miezi yote hiyo nakula chakula cha mtu huyu, na ningepishana naye sokoni nisingemjua.

Kisha Esta akazinduka, akavuta kanga akajifunika, na alipojifunika akageuza uso kulia kwa nguvu, kidevu kikagusa bega. Philbert, ambaye bado nilikuwa nimemkaba, akasema, "Hapo! Mmeona?" Akaniomba nimwachie. Nikamwachia, akaweka shati lake sawa, akasema hilo yowe lilikuwa la kushtuka tu na kila mtu hushtuka mara ya kwanza. Esta akamnong'oneza Benedicta kwamba ni kweli, kichwa kimekuwa chepesi. Lakini Philbert hakufurahi. Alisema shingo hii imekaza kama kamba ya kuvutia ndoo, maana mwenye nayo anaipindia kulia kutwa nzima, tena anabeba debe la maji kichwani akiwa ameipinda hivyo hivyo. Ameilegeza leo, lakini kesho itakaza tena. Akauliza, "Jikoni anapokaa, kushoto kwake kuna nini?"

Asukile akatazama sakafu. Benedicta akatazama dari. Walijua, Damari, na mimi nilijua. Kushoto kwake kuna kiti changu. Baridi ilipoanza nilikiweka mlangoni mwa jiko ili mguu wangu upate joto la moto wake. Tangu jua kuchomoza mpaka kuzama nilikaa pale kama mfalme, nikitazama barabarani, nikidhani nampa heshima. Na yeye hatua chache kutoka kwangu anapepeta, anachochea moto, anachota, shingo imepindwa upande wa moshi. Nikatoka chumbani bila kumwomba mtu yeyote radhi, hata Philbert, kwa sababu sikujua nianze na nani.

Asukile alitaka kukihamishia kiti upande wa mbele wa nyumba. Nikamwambia, mbele ndiko anakopita na debe akitoka bombani, atapindia kushoto badala ya kulia, Philbert apate kazi mpya. Rungwe sina nyumba. Kumpeleka Esta Iringa, kichwa kitapona, hilo sina shaka nalo sasa, lakini watu watasema amerudishwa kwa maradhi, na Asukile atabaki na baba yake na sufuria baridi. Siku hizi tatu nilimaliza kumshuku kila mtu, nikaishia kujishuku mimi. Je, ninachokilinda ni adabu ya wazee wetu, au ni kiti changu karibu na moto? Wazee wetu walikuwa na adabu hiyo na kijiji kizima katikati yao na wakamwana wao. Sisi tumeichukua nzima nzima tukaibana ndani ya ua ambao mbuzi wawili hawapishani.

Sikumwuliza mzee wa kanisa. Watu wa Rungwe sikuwaandikia, maana najua watakachosema. Watasema Yotamu amekwenda mjini akapoteza haya yake yote. Waseme. Shingo inayouma si yao.

Leo baada ya ibada nikakaa kwenye kiti changu, nikasema kwa sauti, "Ewe ukuta, mwambie Esta aje anisalimie." Mwiko jikoni ukasimama. Nikarudia, safari hii bila ukuta. Nikasema, "Esta, mwanangu, njoo unisalimie." Asukile akatokea mlangoni na sabuni ya kunyolea usoni, akidhani nimeugua.

Esta akatoka jikoni. Alisimama mbele yangu. Akaishusha kanga, akauinua uso akanitazama, akasema kwa lugha ya kwao, "Kamwene, baba." Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, ya kizee, yenye baraka ndani yake. Yote yalipotea. Nikaitika kamwene, macho yangu yako chini, nimeona haya kama bibi arusi. Asukile alicheka mpaka sabuni ikamwingia mdomoni. Nilimtukana kidogo, ndipo sote tukaweza kupumua.

Sasa usinielewe vibaya, Philbert bado simwamini. Amemwonyesha Esta namna ya kugeuza shingo polepole asubuhi na jioni, kitambaa cha moto kisogoni, na maji achote nusu debe kila safari. Anasema kuvunjavunja pengine hakutahitajika tena. Tutaona. Nimemwambia akitaka kuivunja ile shingo tena, nitakuwa ndani ya chumba nimesimama, na dresa wa hospitali kando yangu. Akasema, "Karibu, mzee, ila ukosi usinishike." Na sisemi Esta amepona. Juzi jioni kilimwuma, jana kidogo. Leo alasiri hii ninapoandika nasikia bado anaimba jikoni, na hiyo ndiyo saa ambayo siku zote alikuwa amekwisha kunyamaza. Naisikiliza kwa wasiwasi, nikisubiri ikatike.

Basi jibu lako ni hili. Mwambie Evarista, hapana. Esta harudi Iringa kwa sababu ya ugonjwa. Mavuno yakiisha atakuja na mume wake kuwasalimu, kama mke wa mtu anavyokwenda kwao, na vikapu mkononi. Kama Evarista hatuamini, simlaumu, hata mimi nisingeamini. Apande basi aje aone mwenyewe. Nawe ukifundisha tena msichana mambo ya ukwe, mfundishe na kipimo.

Nisalimie shemeji Kalinga, mwambie deni lake la kunitembelea halijaisha. Msalimie Timotheo na mkewe, na wazee wote wa hapo Mlandege wanaonikumbuka. Evarista mwambie nimekwisha kumwona binti yake, na mwanya ule bila shaka kautoa kwake. Asukile anakusalimu, Benedicta anakusalimu ingawa hakujui. Mungu aliyetutunza sisi wawili tukiwa watoto wa mama mmoja akutunze na huko uliko, akuondolee kikohozi, atukutanishe tungali tunatembea kwa miguu yetu.

Esta naye anakusalimu sana, wewe na mama yake. Ameniambia mwenyewe.

Wako akupendaye, hata pale anapokushuku,

Kaka yako Yotamu.